Mkia wa Foleni Unaangukia kwa Nani?

"Mzee, toa mkokoteni hapo, unazuia wateja!"

Mlinzi alikuwa na filimbi mdomoni na kizibao cha kung'aa. Mzee aliyeambiwa alikuwa anatoka Mwaloni, soko la samaki hapa Mwanza, na viroba vya dagaa, vimepangwa juu hadi haoni mbele, ikabidi achungulie kwa pembeni kila baada ya hatua chache. Hakuwa ndani ya kiwanja cha mtu. Alikuwa barabarani, upande wa kushoto, mahali anapotakiwa kuwa. Yaliyokuwa mahali pasipo pake ni magari, kama kumi hivi, taa nyekundu zinawaka, yakisubiri zamu kwenye kibanda kipya cha kuku na chipsi ambacho unanunulia dirishani bila kushuka garini. Foleni ilikuwa imekimaliza kiwanja, ikatoka getini, ikapita mbele ya duka la dawa, ikaziba njia ya watu wa miguu na mdomo wa kichochoro kinachoshuka ziwani.

Mzee hakubisha. Aligeuka nyuma, akaacha daladala ipite, kisha akauingiza mkokoteni katikati ya barabara na kuipita foleni nzima akiwa anatazamana na magari yanayokuja.

Mimi nilikuwa juu ya bodaboda, upande wa pili. Dereva wangu akacheka. "Hapo bosi, barabara imeshapata mwenyewe."

Wiki zimepita na bado nalifikiria. Barabara ni ya umma, foleni ni ya mfanyabiashara, na aliyeambiwa anazuia ni mzee wa dagaa.

## Paking tupu, barabara imejaa

Nilirudi jioni nyingine kununua chipsi. Gari sina, na dirisha la watu wa miguu halipo, kwa hiyo nilisimama nyuma ya Noah na mbele ya IST, nikasogea nao taratibu mpaka zamu yangu ikafika. Dada wa dirishani alicheka sana, ila alinihudumia. Chipsi zao ni nzuri, niseme ukweli.

Nikiwa kwenye foleni ndipo nikaona kitu ambacho ukiwa barabarani hukioni. Ndani, kando ya ukuta, kuna nafasi za kupaki zilizochorwa vizuri kwa mistari myeupe. Karibu zote zilikuwa tupu. Nje barabara imefungwa, ndani paking inapigwa upepo, kwa sababu anayekuja dirishani hakuja kupaki. Kaja kusubiri.

Basi nikaacha kumtafuta aliyevunja sheria. Mchoro wa jengo uliopelekwa kuombewa kibali huenda ulikuwa sahihi kabisa: geti lipo, choo kipo, maegesho yapo. Ofisa anayekagua anahesabu nafasi za magari, anaridhika, anasaini. Foleni haionekani kwenye karatasi maana siku ya kusaini haipo. Inazaliwa Ijumaa ya kwanza ya biashara.

Kuna kijana wa ushuru wa maegesho anayepita mtaa ule na kimashine chake. Nilimtazama akifanya kazi. Gari lililosimama mbele ya duka la dawa, dereva hayupo, anachukua namba. Gari lililo mita moja nyuma yake, kwenye foleni ya kuku, limesimama pale pale kwa muda mrefu kuliko lile, analipita. Nilimuuliza kwa nini.

"Lile lina dereva ndani, kaka. Halijapaki."

Yuko sahihi kwa kazi aliyopewa. Anayepaki analipa, anayesubiri halipi, na barabara inazibwa vile vile.

## Hesabu ya mita sita

Gari dogo lina urefu wa mita 4 na ushee. Ongeza nafasi ya mbele na ya nyuma, kila gari kwenye foleni linakula kama mita 6. Kiwanja chenye upana wa mita 20 kwa mbele kinatosha magari matatu yakipangwa moja kwa moja. Njia ikizungushwa nyuma ya jengo, labda manane au tisa, na hapo umeshatoa sadaka nusu ya kiwanja.

Sasa chukua dirisha linalomhudumia kila mteja kwa dakika 3. Kwa saa moja yanatoka magari 20. Yakija 25, kila saa inabakiza matano. Saa mbili za Ijumaa jioni zinabakiza kumi, yaani mita 60, yaani mbele ya viwanja vitatu. Na hata yakija 20 kamili, bado foleni itakuwepo, maana watu hawaji mmoja kila dakika tatu kama dozi ya vidonge. Mechi ya Simba na Yanga ikiisha wanakuja kwa mkupuo, halafu kimya, halafu mkupuo mwingine.

Hesabu hii haihitaji injinia. Mwenye kibanda angeweza kuifanya nyuma ya risiti kabla ya kumwaga msingi, na ofisi inayotoa kibali ingeweza kumwomba aifanye.

Hakuna aliyeiomba.

## Walikotangulia

Madirisha haya yalikomaa Marekani. McDonald's walifungua la kwanza lao mwaka 1975 huko Sierra Vista, Arizona, na sababu yake haikuwa watu kuchoka kushuka garini. Karibu na pale kuna kambi ya jeshi ya Fort Huachuca, na wanajeshi wake walikuwa hawaruhusiwi kushuka kwenye magari hadharani wakiwa na magwanda ya kazi. Likatobolewa dirisha ukutani kwa ajili yao. Kilichoanza kwa amri ya kambi moja kikawa tabia ya nchi.

Baadaye miji ya huko ikaona mikia. Kwa hiyo miji mingi, kwenye kanuni zake za matumizi ya ardhi, inamtaka anayefungua dirisha aonyeshe sehemu ya kusubiria: kila gari futi 20 hivi, ambazo ni zile zile mita 6, zinahesabiwa kutoka dirishani kurudi nyuma, zote ndani ya kiwanja chake, bila kuziba njia ya miguu wala kuyafungia magari yaliyopaki. Idadi inayotakiwa hutofautiana kati ya mji na mji. Minneapolis wao walichoka na kuhesabu, na mwaka 2019 wakapiga marufuku madirisha mapya.

Kanuni hii ya foleni niliipenda mara moja.

Lakini kwenye makabati yale yale ya kanuni, karibu na hii, kuna nyingine, na hiyo ndiyo hasira zangu za mwanzo zilikuwa zinaililia: kila jengo litenge idadi fulani ya maegesho, lisipotenga lisijengwe. Columbus, Ohio, waliianza mwaka 1923 kwa majengo ya kupanga. Fresno, California, wakaipeleka kwenye hoteli na hospitali mwaka 1939. Ikaenea, na miji ikajaa viwanja vya lami ambavyo muda mwingi havina kitu. Donald Shoup, profesa wa chuo kikuu cha UCLA aliyefariki mwaka 2025, alitumia miaka mingi kuonyesha kwamba maegesho ya bure si ya bure: gharama yake imefichwa kwenye kodi ya nyumba na bei ya bidhaa, na asiye na gari anailipa pamoja na wengine. Buffalo wakaifuta kanuni hiyo mji mzima mwaka 2017, Minneapolis wakaifuta mwaka 2021.

Kwa hiyo kuna kanuni inayolinda barabara na kuna kanuni inayokula ardhi, na kwa mbali zinafanana. Zote zinazungumzia magari na viwanja. Ofisi ikiamka siku moja na kusema "tudhibiti magari", naogopa itachukua ile ya pili, kwa sababu ni rahisi kuihesabu.

## Mama mwenye fremu

Mtaani kwetu kuna mama ana jengo la fremu. Mchoro wake wa kibali ulionyesha nafasi za magari mbele. Leo pale mbele kuna wakala wa pesa chini ya mwavuli, genge la nyanya, fundi simu na benchi la bodaboda. Nilimwamkia, tukakaa, nikamuuliza.

"Mama, hapa si palikuwa pa kupaki?"

"Palikuwa, mwanangu. Kwenye karatasi."

"Na sasa?"

"Sasa niambie wewe. Tangu umekaa hapo umeona gari ngapi zimekuja kununua?"

Tulikuwa tumekaa muda. Walikuja watoto wa shule, wakaja kina mama wanaoshuka mlimani, ikaja bodaboda yenye gunia la mkaa na abiria juu yake. Gari halikuja.

"Paking hainilipi kodi," akasema. "Fremu inanilipia ada."

Nikafanya hesabu kichwani wakati ananimiminia chai. Nafasi ya gari moja ni mita 2.5 kwa 5. Ukiweka na sehemu ya kugeuzia inavuka mita za mraba 25, yaani fremu mbili za kawaida. Na huu ni mji wa mawe. Mabatini, Bugarika, Igogo, Isamilo, nyumba zimeng'ang'ania mlima na nyingi hazifikiwi na gari hata ukilipenda namna gani. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1.1 kwenye wilaya mbili za mji huu, Nyamagana na Ilemela, kwa pamoja, na wengi wao ndio hawa wanaopita mbele ya fremu za mama: kwa miguu, kwa daladala, kwa boda. Kumlazimisha atenge nafasi nne za magari ni kumwambia afukuze wapangaji wanne ili ahifadhi hewa.

Hapo ile kanuni ya idadi ikanitoka moyoni.

Ingawa si yote ya mama niliyakubali. Benchi la boda limetoka nje ya mpaka wake, na mwavuli nao. Kwake ni hatua mbili tu. Kwa walio kando ya barabara kubwa, hatua mbili zina sheria nzito: Sheria ya Barabara ya 2007 ilisogeza hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, ukipima kutoka katikati. Pita barabara ya Musoma au ya Shinyanga uone ni biashara ngapi ambazo "paking" yake ni ule ukanda wa kokoto kati ya ukuta na lami. Wateja wanapaki kwenye barabara ya kesho. Siku ikipanuliwa, biashara itabaki na mlango na mtaro.

## Stika ya duara

Ile IST iliyokuwa nyuma yangu kwenye foleni ya chipsi ilikuwa na stika ndogo ya duara kwenye kioo cha nyuma, maandishi ya Kijapani, kingo zimeanza kubanduka. Mmezikuta sana. Gari linaingia nchini nayo, mwenyewe hajui ni ya nini, anaiacha.

Ni alama ya maegesho. Japani, tangu sheria ya mwaka 1962, sehemu kubwa ya nchi husajili gari pale tu unapowathibitishia polisi kwamba una mahali pa kulilaza nje ya barabara, lisizidi kilomita 2 kutoka unapoishi. Polisi wanaweza kuja kupima. Stika yenyewe imefutwa Aprili 2025, uthibitisho umebaki.

Nilivyojua hilo nilicheka peke yangu. Mengi ya magari yale, kabla hayajapanda meli, yaliwahi kuulizwa yatalala wapi. Yakaja kwetu na jibu limebandikwa kiooni, na hakuna anayelisoma.

Ukiangalia kwa makini, kila nchi imemchagua wa kubeba mzigo. Japani wamembebesha mwenye gari. Wamarekani walimbebesha mwenye jengo. Sisi tumemwachia mzee wa dagaa.

Sisemi tuige Japani. Kumwambia mtu wa Igogo aonyeshe mita za mraba za kulaza Vitz yake ni kumpa mgambo chanzo kipya cha mapato. Ninachokipenda ni swali kuulizwa mapema, kabla gari halijafika.

## Waliokuwa wanakula foleni

Hapa ndipo msimamo wangu ulipoanza kuyumba, na haujatulia bado.

Kabla ya Daraja la J.P. Magufuli kufunguliwa Juni 2025, kila aliyetoka Mwanza kwenda Sengerema au Geita kwa njia ya Kigongo anaijua foleni ya kivuko. Unazima injini. Unashuka. Na ukishuka, soko liko mbele yako: samaki wa kukaanga, mahindi, karanga, maji baridi, miwani ya jua. Sasa kilomita 3 za daraja unazimaliza kabla wimbo mmoja haujaisha, na hakuna anayetamani zile saa zirudi. Ila foleni ilipoondoka, wateja wa wale kina mama waliondoka nayo.

Kwenye kibanda cha kuku nako ni hivyo hivyo. Kuna kijana anauza karanga na maji akitembea kando ya magari. Kuna mwingine anafuta vioo bila kuombwa, na anapewa. Foleni inayomsukuma mzee katikati ya barabara ndiyo inayowalisha hawa.

Na tukubaliane kuhusu jambo moja tunalolijua wote. Siku kanuni ya foleni ikianza kutekelezwa, wa kwanza kuondolewa hatakuwa mwenye IST. Atakuwa kijana wa karanga. Halafu benchi la boda. Halafu labda mzee wa mkokoteni mwenyewe, kwa kosa la kuwa mwepesi kuondoka. Tuliona mwishoni mwa 2021 machinga walipopangwa upya nchi nzima: meza hubebeka, gari halibebeki, na utekelezaji hupenda kinachobebeka.

Hilo lilinifanya nitake kuacha. Nilikuwa nimeandika nusu ya makala hii nikaifunga.

Kilichonirudisha ni meneja wa kibanda chenyewe. Nilimkuta asubuhi, hakuna mteja, anahesabu kreti za soda. Si mtu mbaya. Anajua foleni inatoka nje, imemletea ugomvi na mwenye duka la dawa zaidi ya mara moja.

"Sasa kaka, nikiwafukuza wanaenda kwa mwenzangu kule mbele," alisema. "Yeye hafukuzi. Wekeni sheria ya wote, nitaifuata mimi wa kwanza."

Sina hakika angekuwa wa kwanza. Lakini hoja yake ina mantiki: peke yake hawezi, wote wanaweza. Na kazi yenyewe ni ndogo kuliko nilivyodhani. Mlinzi yupo. Filimbi anayo. Kinachotakiwa ni aipulizie magari badala ya kumpulizia mzee: mkia ukifika getini, gari linalofuata linaambiwa lizunguke lirudi, au dereva aingie apaki kwenye zile nafasi tupu na ashuke kwa miguu yake. Kwa anayejenga upya, mchoro wa kibali uonyeshe foleni inakaa wapi saa ya wateja wengi, ipimwe kutoka dirishani kurudi nyuma, iishie ndani ya geti. Haiwezekani? Basi dirisha liwe la watu wa miguu. Mama wa fremu aachwe na fremu zake.

Na kanuni iandikwe kwa jina la mfanyabiashara. Faini iende kwa mwenye dirisha, maana foleni ni yake. Ikiandikwa kijumla kwamba ni marufuku "kuzuia njia", tunajua itamkuta nani.

Hili la kijana wa karanga sijalimaliza. Wazo langu la karibu ni kwamba foleni ikiingia ndani, naye aruhusiwe kuingia nayo getini. Meneja alikunja uso nilipomwambia.

## Mtaani

Juzi nilikwenda ofisi ya mtaa. Mwenyekiti alinisikiliza vizuri, akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: je, sheli na sehemu za kuoshea magari nazo zimo? Zimo, nikamwambia, na geti la shule asubuhi limo. Akaguna. Akasema mtaa hautungi sheria ndogo, unaweza tu kupeleka hoja kwa diwani, diwani aifikishe kwenye baraza, na wataalamu wa mipango miji watataka kuona vipimo kwanza. Nikamwambia vipimo vipo, tunahesabu kwa nguzo za umeme kama hatuna futi.

Ameahidi kuiingiza kwenye mkutano ujao wa wananchi, chini ya mengineyo. Nimemwomba iwe ajenda kamili, kwa sababu mengineyo hufika wakati watu wameshaanza kuondoka na viti vya kukodi vinakusanywa. Hajanijibu. Mwenye duka la dawa amesema atakuja. Mzee wa dagaa sijamwona tena. Anayemfahamu, anauza viroba kutoka Mwaloni nyakati za jioni, amwambie mkutano unatangazwa kwa spika ya gari la mtaa, na nafasi ya kuongea atapewa.